Mama Kwaya Anaanika Nguo

Wale wanasema Mama Kwaya amerukwa na akili, waje waniambie mimi. Niko Londiani, kibanda changu cha kuchomelea vyuma kiko nyuma ya soko ya viazi, mtu yeyote atakuonyesha. Waje wasimame mbele yangu waseme hayo maneno vizuri, nikiwaangalia. Kwa simu ni rahisi. Kwa simu kila mtu ni daktari wa kichwa.

Ati anaanika nguo kwa mvua. Ndiyo, anaanika. Ati nguo si zake na nyumba si zake. Ndiyo. Mimi najua alijifunzia wapi hiyo kazi, kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yake na ngoma yangu, baridi imenikamata masikio. Acheni niwaambie huyu ni mtu wa aina gani, halafu mtaamua wenyewe nani ana wazimu.

Jina lake sitaweka hapa. Alizaliwa wapi, mwaka gani, sijui na sikuwahi kuuliza. Alikuwa mchumaji wa majani, na mwalimu wa kwaya kwa kanisa ya kijiji. Na nikisema kijiji, kama hujui mashamba makubwa ya chai, usifikirie kijiji ya babu yako. Hii ni laini za nyumba za wafanyikazi, nyeupe, mabati juu, zimepangwa kwa kilima na chai imezizunguka pande zote. Nyumba ni ya kampuni. Kazi yako ikiisha, nyumba yako imeisha. Sisi wa kwetu tulikuwa watu wa nje. Shamba ya baba yangu, chai kidogo na ng'ombe wawili, iko ng'ambo ya barabara, mbele kabisa ya geti ya kampuni. Nilivuka hiyo barabara nikiwa bado naenda shule, nikifuata sauti ya kwaya. Shule niliacha. Kwaya sikuacha. Ngoma nilijifundisha mwenyewe, nikipiga jerikeni ya maji, mpaka siku moja akatoka kanisani akaniambia, "Wewe wa jerikeni, ingia ndani kabla hujapasua hiyo kitu ya mamako."

Hakuwa anaita mtu kwa jina. Alikuita kwa sauti yako. Wewe Soprano. Wewe Besi. Mimi nilikuwa Ngoma, na mpaka leo akinipigia simu anasema, "Ngoma, umekula?"

Kwaya aliiongoza na fimbo ya chai. Wachumaji wako na fimbo refu, nyembamba, wanailaza juu ya mimea wakichuma. Jani limepita fimbo, unachuma. Halijapita, unaacha, na chai inabaki sawa kama meza. Basi hiyo hiyo fimbo ndiyo alikuwa anashika mbele yetu, imelala hewani, na sauti yako ikiipita anakugeukia.

"Nani amepita fimbo? Wewe Soprano, uko juu kama mti wa bluu gamu. Nikukate?"

"Hapana, Mama."

"Shuka basi, uimbe na wenzako. Na nyinyi Wakipsigis mtaniua. 'Pwana' ndiyo nani? Mungu hamjui huyo mtu."

Besi, ambaye alikuwa Mkipsigis mkubwa kama mlango, akamwambia, "Na wewe Mama, sema 'shamba' tusikie."

"Samba," akasema.

Kanisa yote ikaanguka kicheko. Yeye hakucheka. Alingoja tunyamaze, akasema polepole, "Samba ni ya kampuni. Imbeni."

Ndiyo maana nasema alikuwa mtu wa pande mbili. Angekunyima kijiko ya pili ya sukari na jioni hiyo hiyo akupatie blanketi yake. Alikuwa anakataza mambo ya waganga, anasema ni ujinga, lakini kulikuwa na wimbo mmoja hakukubali tufanyie mazoezi. Hata kuuimba pole pole ukiosha vyombo, anakunyamazisha. Huo ulikuwa wimbo wa geti.

Wimbo wa geti ni hivi. Kwa shamba ya kampuni hakuna makaburi. Mtu akikufa anapakiwa kwa gari anapelekwa kwao, na hawa watu wetu wengi kwao ni magharibi, upande wa ziwa. Kwaya inasindikiza gari kutoka laini ya juu mpaka chini kwa geti. Askari anainua kizuizi. Gari inapita, inakata kulia, inaenda. Sisi tunasimama kwa kizuizi tukiimba mpaka gari ipotee, na hatuvuki. Hivyo ndivyo ilifanywa tangu zamani. Mama Kwaya alikuwa anasimama mbele kabisa, fimbo imeshuka chini, haongozi mtu. Kizuizi ikishuka, anageuka anapanda kilima bila kungoja mtu.

Siku moja nikamuuliza, kwa nini hiyo siku haongozi? Akasema, "Huo wimbo unajua njia peke yake."

Halafu akasema kitu ambayo ilinikaa. "Nimewaimbia wote, Ngoma. Mimi gari yangu ikifika hapo kwa barabara, itakata upande gani?"

Nilikuwa sijui mambo yake. Baadaye ndiyo nilielewa. Bwanake alikufa zamani, akiwa bado kijana. Ndugu za bwana walitaka arithiwe na shemeji, yeye akakataa, akarudi kwa chai. Kwa boma ya bwana hakuna nyumba yake, na kwa watu wa huko mtu hazikwi hivi hivi bila nyumba yake imesimama. Wazazi hawako. Mtoto hakupata. Kwa hivyo huyu mama aliyeonyesha kila mtu njia ya kwao, yeye alikuwa hana kwao. Hiyo tu ndiyo kitu aliogopa. Kufa hakuogopa. Aliogopa ile gari kufika barabarani na dereva kuuliza, "Wapi sasa?"

Mara moja tu alivuka geti akiimba. Mama yangu alipokufa. Mamangu alikuwa mtu wa nje, alizikwa kwetu nyuma ya nyumba, na kwaya ingesimama kwa kizuizi kama kawaida. Alivuka. Alivuka barabara na fimbo yake, akapita katikati ya chai ya baba, akaimba mpaka udongo wa mwisho, na wenzake wakamfuata. Baba yangu hakusema asante. Baba yangu si mtu wa asante. Lakini mimi nilikuwa nimesimama hapo, na tangu hiyo siku mtu akimgusa huyo mama, amenigusa mimi jicho.

Sasa safari. Padri mzee aliyejenga ile kanisa yetu ya mawe alirudi kwao Italia akafia huko, na watu wa kijiji yake wakatuma habari kwamba wanataka kwaya yetu iimbe kwa misa ya kumkumbuka. Watatulipia kila kitu. Tulienda. Besi alikuwa hajawahi kupita Nakuru.

Hiyo kijiji iko juu ya kilima. Lakini si kilima kama yetu. Imekatwa pande zote, na chini kuna ukungu, kijiji imekaa juu kama sufuria kwa mawe matatu. Basi ilituacha chini. Tukapanda kwa miguu, tukaingia kwa geti moja ya mawe, nyeusi, ya zamani sana, ngazi zimelika katikati kama sabuni. Nyumba zimebebana. Njia ni nyembamba, ukinyoosha mikono unagusa huku na huku. Na juu ya vichwa vyetu, kutoka dirisha mpaka dirisha, nguo. Shuka, mashati, aproni, soksi za mtoto.

"Kumbe wako wengi hivi!" Besi akasema. "Leo tunaimbia umati."

Kwa misa walikuwa wazee wachache kwa viti vya mbele, na wengine walikuja na gari kutoka mjini, na misa ikiisha wakaondoka. Mama Kwaya hakuridhika. Akasema si adabu kuingia kwa watu uimbie kanisani tu. Tutoke kwa uwanja tuwasalimie wale wako ndani ya nyumba, labda ni wagonjwa, labda wanaona aibu.

Tukatoka, tukaimba. Mimi nilipiga ngoma mpaka mikono ikawaka. Sauti ilikuwa inagonga ukuta inarudi, inagonga inarudi, na hakuna dirisha ilifunguka. Hata paka walikuwa wanatuangalia tu. Nikaona Mama Kwaya amenyoosha mkono, ameshika ile soksi ya mtoto iliyokuwa inaning'inia chini. Akaigeuza. Upande mmoja ilikuwa nyekundu. Upande wa jua ilikuwa nyeupe kama mfupa.

Akainua fimbo juu ya kichwa. Katikati ya wimbo. Hajawahi kukata wimbo katikati, hata siku ile mvua ya mawe ilipasua mabati ya kanisa.

"Ngoma, nyamaza," akasema. "Hatuimbii watu."

Kukawa kimya. Sijawahi kusikia kimya kama hiyo, na mimi nimekaa na baba yangu.

Bibi mmoja mzee akatoka kwa kona na funguo nyingi kwa kiuno, anachechemea. Padri kijana aliyekuwa anatutafsiria akamuuliza, halafu akatugeukia, ameona haya kidogo.

"Anasema nguo anaanika yeye."

"Za nani?" Mama Kwaya akauliza.

"Za wenyewe. Wengine walikufa, wengine walienda mjini. Anasema nyumba ikikosa nguo, kwanza mwizi anajua. Halafu serikali inajua. Halafu paa yenyewe inajua."

Mama Kwaya akatingisha kichwa, kama mtu amepewa bei na ameona ni ya haki.

Hao wawili hawakuwa na lugha hata moja ya kuongea, lakini siku hiyo yote walitembea pamoja wameshikana mikono. Bibi akampeleka kwa makaburi na mimi nikafuata, kwa sababu sikupenda vile mambo ilikuwa inaenda. Makaburi yao ni ukuta. Wafu wamepangwa kwa ukuta kama droo za kabati, kila mmoja na picha yake na taa ndogo inawaka mchana.

"Hawa hawakupakiwa kwa gari?" Mama Kwaya akauliza.

Padri kijana akacheka. "Gari ya nini, Mama? Wanatoka kanisani wanashuka hapa tu."

"Hapa tu," akasema.

Yule bibi akagonga shimo moja iko wazi, akajigonga kifua. Hii ni yangu. Halafu akagonga shimo ya kando, nayo ilikuwa wazi, akamgonga Mama Kwaya kifua, akacheka, mdomo hauna jino. Mimi nikasema, "Mama, twende." Yeye hakucheka na hakukasirika. Alikuwa anaangalia ndani ya hiyo shimo kama mtu anaonyeshwa nyumba ya kukodisha. Tukiondoka bibi akamjazia mkono vibanio vya nguo, vya mbao, vya zamani.

Kwa ndege akaniambia, "Ngoma, umeona kwetu?"

"Kwetu wapi, Mama? Kule hakuna hata chai."

"Umeona na macho. Ngoja utasikia na masikio."

Na nikasikia. Mashine za kuchuma zilikuja. Mashine moja na watu wake wachache inamaliza shamba ambayo ilikuwa inajaa watu wakiitana na kutukanana kutoka mstari mpaka mstari. Asubuhi ukisimama kwetu ulikuwa unasikia kilima yote inaongea. Ikawa unasikia injini tu, halafu injini inazimwa, halafu hakuna kitu. Watu wakaambiwa asante. Magodoro kwa lori, kuku kwa kikapu, gari inashuka kwa geti, watu wazima wanalia, na Mama Kwaya amesimama kwa kizuizi, haimbi, maana hao walikuwa wanapita wakiwa hai. Soprano aliolewa Mulot. Besi alienda Nairobi kulinda geti za watu. Kila mtu akienda alimrudishia joho la kwaya, lile la kijani, kwa sababu ni mali ya kanisa. Mimi mwenyewe nikaja Londiani kutafuta vyuma. Yeye alistaafu, lakini wakamwacha kwa nyumba yake kwa sababu mtu lazima ashike funguo za kanisa.

Halafu rangi nyekundu ikaanza. Nyumba ikiwa haina mtu, supavaiza anaipiga alama ya mkasi, mistari miwili imekatana, kwa mlango, na baada ya muda trekta inakuja inaisukuma. Na supavaiza huyo, niwaambie ukweli, ni mvivu, na kule kwetu mvua ya mchana haikosi. Hashuki kwa pikipiki. Anapita barabara ya chini, anaangalia kamba za nguo. Nguo iko, mtu ako. Nguo haiko, kesho yake anatuma kijana na rangi.

Sasa mmeelewa? Nyinyi mnaocheka? Alikuwa na majoho. Alikuwa na vibanio.

Nilienda kumwona wakati ameanza, na hapo kwa duka ya geti jamaa mmoja akasema, akijua nasikia, "Huyu mwanamke arudi kwao kabla ya kura. Anaanikia mashetani." Sikumbuki vizuri nilifanya nini, lakini alianguka juu ya kreti za soda. Habari ilifika juu kabla mimi nifike. Mama Kwaya alinipokea mlangoni na ile fimbo.

"Ngoma hupigwa mahali ilitengenezewa, nyathina," akasema. Nyathina ni mtoto wangu, kwa lugha yao. "Uso wa mtu si ngoma."

"Alisema urudi kwenu."

"Na alikosea wapi? Kila mtu anafaa kurudi kwao." Akaweka chai, akaninyima sukari. "Mwambie anionyeshe tu ni upande gani."

Hiyo siku nilishuka nikiwa nimeamua. Baba alikuwa anakamua ng'ombe.

"Baba, nataka kona ya shamba."

"Umepata msichana?"

"Ni ya Mama Kwaya."

"Anajenga?"

"Hapana."

Mikono ikasimama kwa chuchu za ng'ombe. "Amekufa?"

"Hajakufa."

"Basi unamwita." Akatemea mate kando. Kwetu mtu hatafutiwi kaburi akiwa anapumua. Ni kama kuita kifo na mluzi. "Toka hapa. Na hayo maneno usiseme tena kwa hii boma."

Nilirudi Londiani na sikumpigia baba simu, na yeye hakunipigia, na kama mnatujua mnajua tungekaa hivyo mpaka mmoja azikwe. Msimu wa mvua refu ukapita. Halafu juzi juzi, mahindi ikiwa imefika kiunoni, simu ikalia.

"Ile kona ya juu," baba akasema. Hakuna salamu ya chamge, hakuna habari. "Karibu na ua. Nimeng'oa chai hapo."

Baba yangu. Mtu ambaye akiona mbuzi amekula jani moja halali.

"Baba..."

"Alimwimbia mama yako mpaka ndani," akasema, akakata.

Nilifunga kibanda nikaenda siku hiyo hiyo. Geti ilikuwa wazi, hakuna askari, kizuizi imeinuliwa juu na kutu imeishika hapo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwa chai. Nikapanda, na laini ya kwanza ikatokea, na nikasimama.

Kila mlango ulikuwa na joho. La Soprano kwa mlango wa Soprano, lile liliungua na pasi kwa mkono. La Besi kwa mlango wa Besi, kubwa kama hema. Yamelowa, yananing'inia mikono chini, hayatikisiki. Kwaya yote imesimama kwa mstari kama zamani, haina vichwa. Na mahali majoho yaliisha alikuwa ameendelea na vitu vyake. Gauni ya Jumapili. Sweta. Leso. Shuka ya kitanda. Mpaka nyumba ya mwisho ya laini. Nilikuwa nataka kulia na nilikuwa nataka kukimbia, sijui ipi ilikuwa mbele.

Nyumba yake iko katikati. Nikafika hapo. Kamba yake ilikuwa tupu. Nguo zote alikuwa amemaliza kwa nyumba za wengine. Na kwa mlango wake, rangi bado inateremka na maji ya mvua, alama nyekundu ya mkasi.

Alikuwa ndani. Amekaa kwa stuli, mlango wazi, amevaa gauni moja imebaki, miguu kwa beseni ya maji moto.

"Ngoma," akasema. "Umekula?"

"Mama, nani alifanya hii kitu? Nitamuua. Naenda kwa ofisi saa hii..."

"Kaa chini."

"Wewe uko hapa! Hakukuona?"

"Alikuja kijana. Tukaangaliana. Akasema, 'Samahani Mama, nimeambiwa hii haina mtu.' Akapaka." Akachezesha vidole kwa maji. "Kijana ana adabu. Alipaka akiwa amevua kofia."

Nikakaa. Nikasema ile ilinileta. Nikamwambia baba ameng'oa chai. Nikasimama mlangoni nikamwonyesha, na ukungu ukafunguka kidogo, ikaonekana chini kabisa geti, barabara, chai ya baba ya kijani, na kwa kona ya juu kitu nyekundu, ndogo, ya mstatili. Udongo mpya.

Alikuja akasimama kando yangu, miguu inatoka mvuke. Aliangalia sana. Niliogopa atakasirika, nimemwitia kifo na mdomo yangu. Akainua fimbo, akaifuata njia nayo: laini, kilima, kizuizi.

"Haikati kulia," akasema.

"Hapana, Mama."

"Wala kushoto."

"Hapana."

"Kumbe ni kuvuka barabara tu."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango, na kiganja chake kikatoka na rangi nyekundu, akajipangusa kwa gauni bila kuangalia. Halafu, polepole, kwa ile sauti alikuwa anatumia kutupatia noti ya kwanza, akaanza ule wimbo wa geti. Ule hatufanyii mazoezi. Nikamwambia, "Mama, wacha." Hakuwacha. Aliimba beti moja, akanyamaza, akasikiliza kilima. Hakuna kitu ilijibu.

"Twende Londiani," nikamwambia. "Nina chumba."

"Na kanisa? Na hawa?" Akaonyesha majoho na kidevu. "Enda, kabla mvua irudi."

Nilivua jaketi yangu, ile ya kazi, ya ngozi, imetobolewa na cheche za kuchomelea. Nikaiweka kwa kamba yake. Akaniletea vibanio viwili vya mbao, akanishikia moja, mimi nikashika ingine, tukaibana mabega yote mawili. Nikashuka na shati kwa hiyo baridi. Kwa kizuizi niligeuka. Ukungu ulikuwa umefunga, sikuona joho hata moja. Niliona hiyo jaketi tu, nyeusi, kama mtu amesimama mlangoni.

Simu yake haishiki tangu juzi. Inaweza kuwa imeisha chaji, kule stima walikata. Baba anasema akiwa kwa ua asubuhi anaiona ile jaketi, bado iko. Mimi nampigia baba kila asubuhi kabla sijawasha mashine, na hatusalimiani.

"Iko?" namuuliza.

Namsikia anatembea kwa majani mpaka ile kona, anasimama, anapumua.

"Iko."